Dizeli isiyoacha kuvuja kwenye pikapu ya zamani: kufuata dalili hadi kwenye chanzo

Dizeli inavuja, fundi anakaza nati mbili tatu na kufuta kwa kitambaa, gari linakaa kavu kwa muda, kisha doa linarudi chini ya injini pale pale. Hali hii inawasumbua wamiliki wengi wa pikapu za miaka ya 1980 na 1990 ambazo bado zinafanya kazi nzito Afrika Mashariki: Toyota Hilux zenye injini za 2L, 3L na 5L, Isuzu TFR zenye 4JA1, na Nissan Hardbody zenye TD27. Injini hizi zinatofautiana kwa mengi, lakini zinalishwa na pampu ya mzunguko ya aina ya VE, iliyobuniwa na Bosch ya Ujerumani na kutengenezwa Japani kwa leseni, na ndiyo maana zinavuja katika sehemu zinazofanana. Maelezo yanayofuata yanaichukua Hilux kuwa mfano mkuu, na yanataja wazi pale ambapo Isuzu na Nissan zinakwenda njia nyingine.

Mara nyingi uvujaji unarudi kwa sababu aliyeushughulikia aliuliza unatokea wapi kabla ya kuuliza unatokea lini. Dizeli ni nyepesi na ina tabia ya kutambaa: hufuata bomba, hushuka kwenye mbavu za injini, hupeperushwa na feni, na mwisho hudondoka mbali kabisa na tundu lililoitoa. Mahali tone linapoangukia panaweza kumpoteza hata fundi mzoefu, lakini wakati linapoanguka hutoa ushahidi mzuri zaidi, kwa kuwa kila sehemu ya mfumo huu ina presha yake na saa zake za kuvuja.

Njia ya dizeli kutoka tangini hadi kwenye nozeli

Katika Hilux hizi hakuna pampu ya umeme inayosukuma mafuta kutoka tangini. Ndani ya pampu ya VE kuna pampu ndogo ya mapanga ambayo hunyonya dizeli kutoka tangini kupitia filta, kwa hiyo injini inapofanya kazi, mabomba na mipira yote kutoka tangini hadi mdomo wa pampu huwa katika hali ya kunyonya. Ufa ulioko upande huo hautoi dizeli injini ikinguruma, unaingiza hewa. Dizeli ikishafika ndani ya mwili wa pampu hupata presha ya baa chache injini inapozunguka taratibu, na presha hiyo huweza kufika baa 7 au 8 mzunguko ukiwa mkubwa. Kutoka hapo sehemu ndogo ya dizeli husukumwa kwenye mabomba manne ya chuma kuelekea kwenye nozeli, yaani vipulizia vya dizeli, ambazo kwa injini za familia ya L (2L, 3L na 5L) hufunguka kwenye presha ya zaidi ya baa 100, na kwa 4JA1, ambayo hupuliza moja kwa moja juu ya pistoni, hufunguka kwa presha kubwa zaidi. Dizeli inayobaki, pamoja na ile inayopenya ndani ya nozeli, hurudi tangini kwa njia ya ritani ikiwa na presha ndogo sana.

Kwa mpangilio huo, gari linalovuja likinguruma na kukauka likizimwa lina kasoro upande wenye presha, yaani pampu, mabomba ya chuma au nozeli. Gari linalovuja likiwa limeegeshwa, hasa pua ikitazama mteremko au tangi likiwa limejaa, lina kasoro upande wa kunyonya, kwenye ritani au kwenye tangi lenyewe. Lipo pia gari lisilodondosha hata tone lakini kila asubuhi linapigwa stata mpaka betri inachoka, na hilo nalo linavuja, ila linavuja kwa kuingiza hewa.

Kuandaa injini kwa uchunguzi

Injini iliyopakwa matope na oili ya miaka mingi haiwezi kuchunguzwa. Ioshe ikiwa imepoa, kwa sabuni ya unga na brashi, ukifunika oltaneta na stata kwa mfuko wa plastiki, kisha iache ikauke kabisa au ipulizie hewa ya kompresa. Baada ya hapo chukua poda ya kawaida ya watoto na uipulize juu ya pampu, kwenye nati za mabomba na kuzunguka nozeli. Washa injini na utazame kwa tochi. Poda hubaki nyeupe kila mahali isipokuwa pale dizeli inapotokea, na hapo utaona kwanza nukta ndogo ya kijivu, kisha mstari mwembamba unaoteremka kutoka kwenye nukta hiyo. Chanzo ni ile nukta ya juu kabisa; kilicholowa chini yake ni njia tu.

Usitafute uvujaji wa mabomba ya presha kwa kidole. Mnyunyizo wa dizeli wa presha hiyo, ambao wakati mwingine ni mwembamba kiasi cha kutoonekana, hupenya ngozi na kuingia kwenye nyama, na jeraha linaloonekana dogo kama la sindano linaweza kuhitaji upasuaji wa haraka. Tumia kipande cha boksi: kipitishe karibu na bomba na uangalie panapolowa. Dizeli haishiki moto kwa wepesi kama petroli, lakini inapodondokea ekzosi yenye joto kali huweza kuwaka, kwa hiyo gari linalotonesha karibu na ekzosi lisisafiri hata kama safari ni fupi.

Linavuja likiwa linanguruma: mabomba ya chuma na nozeli

Anza na mabomba manne yanayotoka kwenye pampu. Yanakaa mahali pa wazi, na kasoro zake hutambulika bila kufungua kitu. Kila bomba lina ncha ya mviringo inayokaliwa na nati, na mabomba haya kiwandani hufungwa pamoja kwa vibano vyenye mpira ili yasitetemeke. Katika pikapu nyingi zilizopita kwenye gereji kadhaa vibano hivyo vimetupwa, kwa sababu aliyevitoa aliona gari linawaka bila hivyo. Bomba lisilobanwa hutetemeka kwa kila mlipuko wa silinda, na baada ya muda hupata ufa mwembamba shingoni, chini kidogo ya nati, mahali ambapo jicho huona nati iliyolowa na mkono hukimbilia kuikaza. Ukikaza nati mara ya pili na dizeli ikaendelea kutoka, acha kukaza. Legeza, toa bomba, futa ncha yake na uitazame kwenye mwanga: ncha iliyokazwa kupita kiasi huwa na mkunjo au alama ya pete iliyozama, na yenye ufa huonyesha mstari mweusi ambao haufutiki. Bomba la namna hiyo halichomelewi wala halizibwi kwa gundi. Hubadilishwa kwa lingine la urefu uleule na kipenyo cha ndani kilekile, kwa kuwa tofauti ya vipimo hivyo huvuruga muda wa dizeli kufika kwenye silinda. Vibano virudishwe, fundi akisema havina umuhimu, mwambie gari halitoki bila vibano.

Nozeli zina uvujaji wa aina mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni dizeli inayotoka juu, kwenye bomba la ritani. Katika injini za familia ya L, nozeli zote nne zimeunganishwa na bomba moja la chuma lililolala juu yake, likishikwa na nati nne zenye washa chini yake. Washa hizi hukaa vizuri mara moja tu. Kila nozeli zinapofunguliwa kwa huduma washa zinatakiwa ziwe mpya, na zile za zamani zikirudishwa huanza kutoa jasho baada ya injini kupata joto. Zikiwa za shaba nyekundu na ukakosa mpya, unaweza kuzilainisha kwa kuzipasha moto hadi ziwe nyekundu hafifu na kuzizamisha kwenye maji, kisha kuzisugua kidogo juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo. Zikiwa za aluminiamu usijaribu jambo hilo, kwani zitayeyuka kabla hujaona rangi yoyote ikibadilika. Bomba lenyewe nalo hupinda kidogo kila linapotolewa kwa nguvu, na bomba lililopinda halikai sawasawa juu ya nozeli zote nne hata washa zikiwa mpya.

Aina ya pili si uvujaji wa dizeli hata kidogo, ingawa humfanya mwenye gari anunue nozeli mpya. Ukiona ukoko mweusi mkavu kuzunguka shina la nozeli na kusikia mlio kama wa kupumua injini ikizunguka taratibu, hiyo ni gesi ya mlipuko inayopita kwenye kiti cha nozeli. Mimina matone machache ya dizeli kuzunguka shina lake; povu likichemka pale, kinachohitajika ni kutoa nozeli, kusafisha kiti na kuweka washa mpya za chini, na nozeli yenyewe inaweza kuwa nzima.

Linavuja kwenye pampu yenyewe

Hapa ndipo tatizo linalorudi hukaa zaidi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu neno "pampu inavuja" linaweza kumaanisha kasoro ya washa moja au kasoro ya pampu nzima. Itazame kuanzia juu kwenda chini.

Juu kabisa, kwenye kifuniko, kuna shina linaloshika wenzo wa kasi, ule unaovutwa na waya wa ekseleta. Chini ya wenzo huo kuna oringi, pete ndogo ya mpira, inayozuia dizeli isipande kwenye shina. Ikichakaa, dizeli hujikusanya kwenye kisima kidogo juu ya kifuniko, hufurika, na kuteremka pande zote mpaka pampu yote inaonekana imelowa na kila kiungo kinashukiwa. Uthibitisho ni rahisi: futa kisima hicho kwa kitambaa, mwambie mtu akanyage na kuachia ekseleta mara kadhaa injini ikiwaka, na uangalie kama dizeli inachomoza kuzunguka shina kila linapozunguka. Ikiwa ndiyo, shika wenzo kwa vidole viwili na uutikise kwenda kushoto na kulia. Shina lisilocheza linahitaji oringi tu, na kazi hiyo fundi makini anaweza kuifanya bila kutoa pampu kwenye injini, mradi apige alama ya jinsi wenzo ulivyokaa kwenye meno ya shina kabla ya kuutoa, kwa kuwa ukirudishwa ukiwa umeruka jino moja injini itazunguka ovyo au itakosa nguvu. Shina linalocheza ni habari nyingine. Tundu lake limeshalika, na oringi yoyote utakayoweka itasukumwa upande mmoja na kuchakaa upya. Gari lililobadilishiwa oringi ya juu zaidi ya mara moja katika muda mfupi karibu kila mara lina tundu lililolika, na dawa yake ni kifuniko kizima au bushi mpya iliyochongwa kwa vipimo.

Upande wa nyuma, pale mabomba manne yanapotoka, dizeli huweza kuchomoza chini ya vishikio vya valvu, ambavyo mabomba hufungiwa juu yake, badala ya kwenye nati za mabomba. Tofauti huonekana ukikausha sehemu hiyo vizuri: kikilowa kwanza kitako cha kishikio, karibu na kichwa cha pampu, nati haina kosa. Vishikio hivi hukazwa kwa kipimo, na mwenye spana ndefu asiye na kipimo anaweza kukipasua kichwa cha pampu, ambacho ndicho kiungo cha gharama kubwa kuliko vyote ndani yake. Katikati ya vishikio kuna bolti dogo linalofunguliwa wakati wa kuweka taimingi, yaani muda wa pampu kupeleka dizeli. Gari lililoanza kuvuja mara tu baada ya kurekebishwa taimingi lichunguzwe kwanza hapo, kwa sababu washa ya bolti hilo husahaulika. Kwa ujumla, uvujaji ulioanza baada ya huduma fulani unatakiwa utafutwe mahali palipoguswa siku ile, kabla ya kuituhumu sehemu nyingine yoyote.

Kiungo kati ya kichwa cha pampu na mwili wake kina oringi kubwa, na ikizeeka dizeli hutoka pande za chini na kudondoka kwenye bolti za chini kabisa za pampu. Wapo wanaoibadilisha pampu ikiwa kwenye gari kwa kulegeza bolti nne na kuvuta kichwa kidogo. Sishauri hivyo, kwa sababu ndani kuna springi na shimu zinazoweza kuhama mahali pake bila kuonekana, na pampu itakaporudishwa itavuja kidogo zaidi au kidogo pungufu, lakini haitafanya kazi ilivyokuwa. Solenoidi ya kuzimia injini, iliyosimama juu ya kichwa hicho, nayo ina oringi yake, na hii unaweza kuibadilisha mwenyewe bila hofu.

Halafu kuna sili ya mbele, ile inayozunguka ekseli ya pampu. Kwenye Hilux za familia ya L pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo sili ikichoka dizeli huingia ndani ya kifuniko cha mkanda na kutoka chini yake, mbele ya injini, na wengi hudhani ni sili ya krenki. Chovya kidole kwenye kinachodondoka: oili ni nzito na hunata, dizeli ni nyepesi na harufu yake haifichiki. Dalili hii isisubiri mwisho wa mwezi. Mpira wa mkanda hulainika na kuvimba ukilowa dizeli, na mkanda uliopangiwa kudumu kilomita 100,000 unaweza kukatika muda mrefu kabla ya hapo. Ukikatika, pistoni hugonga valvu. Sili ikibadilishwa, mkanda nao ubadilishwe hata kama unaonekana mzuri.

Kwenye 4JA1 na TD27 pampu huzungushwa kwa gia, na sili hiyohiyo ikichoka hakuna tone litakaloonekana nje. Dizeli huingia kwenye nyumba ya gia na kushuka kwenye karta ya oili. Kiwango cha oili kwenye dipstiki hupanda badala ya kushuka, oili huwa nyepesi kama maji na hunuka dizeli. Injini inayopandisha oili kwa namna hiyo izimwe, isiendeshwe hadi gereji ya mbali, kwa kuwa beringi zake hazina tena kinga.

Kabla ya kununua sili yoyote ya pampu, chunguza ritani. Ritani ikiziba, kwa mpira uliokunjika, bomba lililopondwa na jiwe chini ya chesisi au uchafu, dizeli inakosa njia ya kurudi, presha ndani ya mwili wa pampu hupanda, na sili hata iwe mpya husukumwa nje. Ng'oa mpira wa ritani kwenye pampu, elekeza dizeli kwenye chupa, washa injini kidogo na uone kama inatiririka. Kisha fungua kifuniko cha tangi na upulize hewa kwenye bomba la ritani kuelekea nyuma. Msaidizi aliyetega sikio kwenye mdomo wa tangi anatakiwa asikie hewa ikifika humo bila kizuizi. Angalia pia bolti lenye tundu linaloshika mpira wa ritani kwenye pampu. Limeandikwa OUT kichwani na lina kitundu chembamba sana ndani, ambacho ndicho kinachopima presha ya pampu. Bolti la kuingizia dizeli linafanana nalo kwa nje lakini tundu lake ni kubwa, na yakibadilishana nafasi injini hukosa nguvu au hukataa kukaa ikiwaka, huku fundi akiendelea kutafuta ugonjwa mahali pengine.

Halidondoshi kitu, lakini asubuhi halishiki

Ukilaza gari usiku kucha na asubuhi likahitaji stata ndefu, kisha likawaka kwa kusitasita na moshi mweupe, kuna mambo mawili ya kutenganisha. Piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta kabla ya kuwasha. Ikiwa inaingia ndani bila upinzani kwa mara nyingi kabla ya kuwa ngumu, na baada ya hapo gari linawaka vizuri, dizeli ilirudi tangini usiku kwa sababu hewa iliingia mahali fulani. Ikiwa ilikuwa ngumu tangu mwanzo na gari bado likasumbua, tafuta kwenye hita plagi, zile zinazopasha joto silinda kabla ya kuwasha.

Kupata mahali hewa inapoingilia, weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani, wa kipenyo sawa na ule wa asili, kati ya filta na pampu. Injini ikinguruma, mapovu machache mwanzoni ni ya kawaida. Msururu usiokatika ni ufa upande wa tangi au kwenye filta. Kisha sogeza kipande hicho kabla ya filta. Mapovu yakitoweka, kasoro iko kwenye filta yenyewe au kichwa chake. Yakibaki, iko nyuma zaidi kuelekea tangini.

Kichwa cha filta cha Hilux kina washukiwa watatu. Pampu ya mkono ina mpira ndani yake unaopasuka kwa uzee, na ukipasuka huvuta hewa injini ikiwaka na kutoa dizeli ukiipiga kwa mkono. Kihisi cha maji kilicho chini ya filta huhamishwa kutoka filta kuukuu kwenda mpya, na oringi yake husahaulika. Na gasketi ya filta ya zamani huweza kubaki imeganda kichwani, ikafungiwa nyingine juu yake, jambo linaloshikilia vizuri kwa siku chache na kuachia baadaye. Mipira ya kuingilia pampu nayo ichunguzwe kwa kukunjwa, kwani iliyovikwa kitambaa kwa nje huficha nyufa zake, na ya maji ya kawaida inayouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi huvimba na kulainika ikipitishwa dizeli.

Linavuja likiwa limeegeshwa au likishajazwa

Ukisikia harufu ya dizeli kila unapotoka kituo cha mafuta, na harufu hiyo ikapotea tangi likifika nusu, chanzo kiko juu ya tangi: gasketi ya geji, au mpira mpana unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi, ambao hupasuka upande wa ndani usioonekana mpaka uutoe. Linalodondosha hata likiwa na mafuta kidogo limetoboka chini. Kutu huanzia chini ya mikanda inayolishika, ambako matope hukaa na unyevu hautoki, na kwa magari ya pwani, kuanzia Tanga na Mombasa hadi Mtwara, chumvi huharakisha kazi hiyo, hata mabomba ya chuma yanayopita kwenye chesisi huliwa chini ya kila klipu huku sehemu za wazi zikiwa nzima. Madereva hupaka sabuni ya mche kwenye tundu la tangi, na kwa kufikisha gari nyumbani inafaa. Kuchomelea ni jambo lingine. Tangi tupu la dizeli lina mvuke unaoweza kulipuka, na lisiguswe na moto kabla ya kutolewa kwenye gari, kuoshwa na kufukuzwa mvuke wote na fundi anayejua kazi hiyo.

Kwa nini oringi za zamani zilishindwa kwa pamoja

Kuanzia Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Usafishaji unaoondoa salfa huweza kupunguza pia kemikali za aromatiki, na kemikali hizo ndizo zilizokuwa zimezivimbisha oringi za mpira wa naitraili kwa miaka mingi. Oringi kuukuu ikizoea kuvimba, kisha ikanyimwa kinachoivimbisha, husinyaa na kuacha nafasi; Marekani iliona malalamiko ya aina hii ilipobadilisha dizeli yake mwaka 1993. Kwa hiyo pampu iliyowekewa sili miaka mingi kabla ya mabadiliko hayo, ikavuja sehemu tatu kwa mfululizo, haihitaji kuzibwa tundu mojamoja. Inahitaji seti kamili ya sili, na ikipatikana ya mpira wa vaitoni ni bora zaidi. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, ambayo Tanzania ilianza kuidhibiti kwa vinasaba (alama za kikemikali zinazotiwa kwenye mafuta) mwaka 2010, huleta madhara kwa njia nyingine: inapunguza ulainishaji ndani ya pampu, na bushi za shina na ekseli hulika mpaka hakuna sili inayoweza kukaa.

Tepu nyeupe ya mafundi bomba na gundi ya silikoni zisikaribie mfumo huu. Vipande vya tepu huziba kichujio kidogo kwenye mdomo wa pampu, na silikoni hulainika kwenye dizeli na kusafiri hadi mahali pasipofikika.

Pampu ikilazimika kwenda kwa fundi wa pampu na nozeli, piga alama kati ya mwili wake na flenji kabla ya kuilegeza, ziba matundu yote kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na mweleze fundi ni wakati gani inavuja, si mahali tu. Mtake ajaribu pampu kwenye mashine yake ya kupimia baada ya kufunga sili, akurudishie sili za zamani uzione, na akuonyeshe ekseli kwa macho yako ikiwa atasema imelika. Siku ya kuirudisha kwenye gari, nunua washa mpya za viungo vyote vilivyofunguliwa, toa hewa hadi nati za nozeli, pima taimingi, kisha osha injini tena, mwaga poda, na uiache inguruma mpaka ipate joto la kazi kabla ya kufunga boneti.